Kitanda, Jiko na Ghala: Walishaji wa Pwani ya Tanga

Wazee wa Mrima walisema kwamba mgonjwa haulizwi uji, na maana waliyoikusudia ni kuwa wema ulio dhahiri haungojei idhini: mtu akilala kitandani hana nguvu ya kuinua mkono, aila yake hukoroga uji ikampelekea, wala haisimami mlangoni kumsaili kama anautaka au hautaki. Lakini kila aliyewahi kuuguza mtu anajua kwamba nyuma ya methali hiyo limejificha swali ambalo mgonjwa haulizwi, ila mtu mwingine hana budi kuulizwa, nalo ni: uji gani? Wa mtama au wa mchele, wenye pilipili manga au usio nayo, wa chumvi au wa sukari. Na akishaanza kupona, ale nini siku ya tatu, na siku ya saba, na mwezi wa pili? Mwenye kulijibu swali hilo ndiye ninayemtafuta katika historia ya Tanga na pwani inayoizunguka, toka Bagamoyo na Saadani mpaka Pangani, Tongoni na Moa. Maana leo hujibiwa na watu wengi wenye majina yanayokaribiana, hata wenyeji wa mjini, wakisikia habari za maafisa lishe, wataalamu wa lishe tiba, washauri wa lishe na walimu wa sayansikimu, hudhani kuwa wote ni mtu mmoja anayebadili makoti.

Hawakuwa mtu mmoja, wala hawakuzaliwa siku moja. Ukiitazama pwani hii kwa muda wa karne moja na nusu iliyopita, utaona kwamba kazi ya kulisha watu kwa maarifa ilikuwa na mahali patatu pa kufanyiwa, napo ni kitandani, jikoni na ghalani. Kitandani hulishwa mtu mmoja mwenye maradhi. Jikoni hulishwa nyumba. Ghalani hulishwa umati ambao mwenye kuulisha huuona katika daftari kabla ya kuuona kwa macho. Kila mahali palikuwa na mwenyewe, na kila fani ya leo imerithi mmoja wa hao wenyewe, pamoja na sifa zake na aibu zake.

Tuanze kitandani. Elimu ya kulisha wagonjwa iliyokuwako pwani kabla ya utawala wa Wazungu haikuwa ya kubahatisha, bali ilikuwa tawi la mti mkubwa ambao mizizi yake iko Uyunani, shina lake likakuzwa kwa lugha ya Kiarabu na mahakimu wa tiba kama Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, na matawi yake yakavuka bahari pamoja na majahazi, vitabu na walimu. Kwa mujibu wa elimu hiyo, mwili wa binadamu husimama juu ya vitu vinne, ambavyo ni damu, balghamu, safura na sauda, na kila kitu cha dunia, chakula kikiwamo, kina tabia ya hararati au ya baridi, ya rutuba au ya yabisi. Siha ni kulingana kwa hivyo, na maradhi ni kimoja kuwashinda wenzake. Kazi ya tabibu basi ilikuwa kuutambua mzani umeinamia wapi, kisha kuurudisha kwa kinyume chake, akimpa tangawizi na asali yule aliyeingiwa na baridi, na kumzuilia vya moto yule aliyezidiwa na hararati. Elimu hii imedhoofika, lakini lugha haijaiacha: mzee wa Tanga ambaye hajapata kulisikia jina la tabibu yeyote wa Kiyunani humtaja pasipo kujua kila anapolalamika kwamba magoti yamemshika kwa baridi yabisi, yaani ubaridi pamoja na ukavu, na mkulima wa Muheza anayeusifu udongo wake kuwa una rutuba anatumia neno ambalo tabibu wa kale alilitumia kwa unyevu wa mwili.

Jambo la kuzingatia katika kazi ya tabibu huyo ni kwamba macho yake yalimwelekea mtu mmoja. Aliuliza umri wake, amali yake, na kama ni majira ya kusi au ya kaskazi. Na watu wawili wenye homa iliyo moja waliweza kutoka kwake na miiko miwili iliyo mbali. Na hapa Kiswahili kimetuwekea hazina ndogo, kwa kuwa neno mwiko lina maana mbili: ni katazo analopewa mgonjwa, na ni kijiti kipana cha kusongea ugali. Tabibu alishika mwiko wa kwanza. Mwiko wa pili ulikuwa mkononi mwa mtu mwingine, naye aghalabu ndiye aliyeamua kama ule wa kwanza utafuatwa.

Huyo ndiye mwenye jiko. Katika nyumba za pwani, maarifa ya mlo hayakuandikwa, bali yalipitishwa kinywa kwa kinywa na mkunga aliyemzalisha mwanamke na kungwi aliyemfunda alipokuwa mwari. Nao walikuwa na mamlaka ambayo mume, hata akiwa mtu wa cheo, hakuthubutu kuyakaidi. Mzazi aliwekwa ndani siku arobaini, akinyweshwa uji wenye pilipili manga na mchuzi wa moto, akikatazwa vitu vya baridi, kwa itikadi kwamba mwili wake umefunguka na baridi haina mlango wa kuzuilika. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapwa Ujerumani mwaka 1903 kwa mkono wa Carl Velten, aliona kuwa mambo ya kuzaa na kulea yanastahili kuandikwa kwa makini pamoja na ada nyingine kubwa za watu wake. Na katika hilo alikuwa na busara kuliko wengi waliokuja baada yake, ambao waliandika historia ya pwani kana kwamba watu wake waliishi kwa biashara tu bila ya kupika.

Na jiko hilo lilijua mengi lisiyoweza kuyaeleza sababu yake. Mpunga uliotwangwa kwa kinu na mchi ulibakiwa na sehemu ya kapi lake jembamba. Na katika miaka ya 1890 daktari wa Kiholanzi aitwaye Christiaan Eijkman alipokuwa kisiwani Java alitambua kwamba kuku waliolishwa mchele mweupe uliokobolewa sana walipooza miguu mfano wa watu wenye maradhi ya beriberi, na waliporudishiwa mchele wenye kapi wakapona, nao ndio mmoja wa milango iliyoingiza vitamini katika elimu ya ulimwengu. Kadhalika kisamvu kilichopikwa kwa tui la nazi ni ladha kwa mlaji, lakini mafuta ya tui ndiyo yanayousaidia mwili kuipokea vitamini A iliyomo majanini. Bibi wa Pangani aliyetwanga mpunga wake alfajiri na kukuna nazi yake adhuhuri hakuwa na habari ya Java wala ya vitamini, ila watoto wake walikula matunda ya elimu ambayo haijapata jina.

Lakini jiko nalo lilikuwa na giza lake. Mtoto akidhoofu, nywele zikififia na miguu ikivimba, wenye nyumba walisema amebemendwa, yaani wazazi wake wamekutana kabla ya wakati ilhali yeye yungali anyonya. Na mama, ambaye moyo wake ulikuwa umekwisha kuchomwa na ugonjwa wa mwanawe, akaongezewa mzigo wa aibu, hata akaona haya kumtoa mtoto nje ya nyumba. Ajabu ni kwamba katika itikadi hiyo mna chembe ya ukweli. Daktari Cicely Williams, alipokuwa akitibu watoto katika nchi iliyoitwa Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana, alieleza ugonjwa wa namna hiyo mwaka 1933, na baadaye akaupa jina lililotoka kwa Waga wenyewe, kwashiorkor, ambalo maana yake yahusu mtoto aliyeondolewa mahali pake na mdogo wake anayekuja. Watu wa pwani mbili za Afrika, ambao hawakupata kuonana, waliona jambo moja: kwamba mtoto huharibika pale mimba nyingine inapomkatiza ziwa. Wa huku wakalaumu tendo la wazazi. Daktari akauliza, je, mtoto huyu aliyeondolewa ziwani amepewa nini badala yake? Alikuwa amepewa uji wa nafaka mtupu. Tofauti baina ya lawama na swali hilo ndiyo tofauti baina ya mila na fani.

Sasa twende ghalani, na huko ndiko Tanga ilikotofautiana na miji mingine ya Waswahili. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alipata miche ya mkonge iliyotoka Florida, na ile 62 iliyonusurika safarini ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto Pangani. Mwaka huohuo reli ikaanza kujengwa kutoka Tanga kuelekea bara, na haukupita muda mrefu ila nchi yote ya kando ya reli, Muheza mpaka Korogwe na kuendelea, ikageuka kuwa safu za mimea yenye miiba isiyoliwa na mtu wala mnyama. Zao lisiloliwa lilihitaji mikono ilayo. Wakaja watu kutoka Unyamwezi, Uha, Ungoni, Ubena, na kutoka ng'ambo ya mipaka, wakaitwa manamba kwa kuwa walihesabiwa kwa namba, wakafanya kazi kwa kipande cha siku thelathini, na wengi wao waliishi kambini pasipo mama, mke wala dada wa kuwapikia. Kwa watu hao jiko lilikuwa limekatwa na maisha yao, na mahali pake pakashikwa na ghala: unga wa mahindi, maharagwe na chumvi, vikipimwa kwa kibaba mbele ya karani, vikaitwa posho.

Posho ilileta katika pwani yetu fikra ambayo haikuwako hapo kabla, nayo ni kwamba chakula cha mtu chaweza kuamuliwa na asiyemjua, kwa kukadiria kazi anayotakiwa kuifanya. Tabibu aliuliza mtu huyu ana tabia gani, kungwi aliuliza nyumba hii ina nini. Mwenye shamba aliuliza watu elfu wahitaji magunia mangapi ili mkonge ukatwe. Ni fikra kavu, na yaweza kuwa ya kikatili, lakini ndani yake ndimo ilimozaliwa elimu ya lishe ya umma. Vita Vikuu vya Kwanza vilifundisha gharama ya kuikosea hesabu hiyo: baada ya mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, ambayo Waingereza walishindwa, vita viliingia bara, na wapagazi wa jeshi wakafa kwa makumi ya maelfu, wengi wao wasiuawe kwa risasi bali kwa maradhi, na miongoni mwa hayo kuhara kulikosababishwa na unga wa mahindi uliosagwa vibaya na kupikwa haraka, ambao matumbo ya watu waliozoea vyakula vingine hayakuuweza. Jina la kikosi chao limebaki Dar es Salaam katika Kariakoo, na wapitao sokoni humo kununua chakula ni wachache wanaokumbuka kwamba mahali hapo pamepewa jina la watu walioangamizwa kwa sehemu na chakula.

Baada ya vita serikali za kikoloni zilianza kuwatazama raia wao kwa jicho la ghala. Mwaka 1931 John Boyd Orr na John Gilks walitoa taarifa yao ya Kenya, wakilinganisha siha ya Wakikuyu, waliokula zaidi nafaka na mizizi, na ya Wamasai, waliokula maziwa, nyama na damu. Na Uganda, katika hospitali ya Mulago, Hugh Trowell na wenzake waliandika mwaka 1954 kitabu kizima juu ya ule ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa ziwani. Tanganyika, mwaka 1944, wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi yao ya kuajiri manamba, watu wakaiita Silabu, na suala la posho likawa suala la kuandikiana barua baina ya mashamba na serikali. Hata hivyo mtu mmoja mmoja aliyelazwa hospitalini alikuwa bado anakula kile ambacho ndugu yake amekileta kapuni, na anayetaka kukumbuka hali hiyo hana haja ya kusoma kitabu, maana mpaka leo jioni mbele ya hospitali nyingi za nchi hii utawaona akina mama wakipanda na vyombo vyao vilivyofungwa kwa kitambaa.

Wakati huo, ng'ambo ya bahari, kitanda kilikuwa kimepata mwenyewe mpya. Marekani wanawake waliosomea mlo wa wagonjwa waliunda chama chao mwaka 1917, katikati ya vita. Na mwaka 1924 hospitali kuu ya Edinburgh ilimweka muuguzi Ruth Pybus kushika kazi ya mlo wa wagonjwa. Kazi yake haikuwa kupika, wala haikuwa kutibu kwa dawa: ilikuwa kuchukua hukumu ya daktari juu ya figo, ini au kisukari, na kuigeuza iwe sahani. Huyo ndiye mtaalamu wa lishe tiba, na ukimtazama vizuri utaona kuwa ni jamaa wa mbali wa tabibu wetu, kwa kuwa naye huuliza umri, kazi na tabia ya mtu mmoja, ila mizani yake imebadilika: badala ya hararati na baridi, anapima sukari ya damu, protini na chumvi.

Uhuru ulipokuja, Tanganyika ilianzia jikoni. Mabibi maendeleo walikwenda vijijini na sufuria zao, na vyuo kama Buhare, karibu na Musoma, vikafundisha maarifa ya nyumbani, ambayo baadaye yaliitwa sayansikimu. Nao hawa ni warithi wa kungwi, japokuwa wengi wao walikuwa wasichana wadogo kuliko wanawake waliowafundisha, na ilihitaji adabu kubwa kwa binti wa miaka ishirini kumwambia bibi aliyelea watoto tisa kwamba uji wake ni mwepesi. Kisha mwaka 1973 yalitokea mambo mawili kwa pamoja: redio ilianza kampeni ya Mtu ni Afya, ambayo watu wapatao milioni mbili waliifuata katika vikundi vyao, na Bunge likatunga sheria ya kuanzisha Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai. Katika miaka ya 1980 mkoa wa Iringa ulifanyiwa mradi mkubwa ambamo wanakijiji wenyewe waliwapima watoto wao kwa mizani, wakasoma katika kadi rangi ya kijani, ya kijivu au nyekundu, kisha wakakaa barazani kujadili sababu. Na utaratibu huo wa kutafuta sababu za karibu na za mbali ulipokewa na UNICEF kuwa mwongozo wa dunia nzima. Chuo Kikuu cha Sokoine, kilichosimama peke yake Morogoro mwaka 1984, kikawa miongoni mwa mashina ya kuwafunza wenye fani.

Matunda ya kazi hiyo ndiye afisa lishe aliye katika kila halmashauri leo, Tanga Jiji, Pangani, Mkinga na Muheza zikiwamo. Huyu ni mrithi wa ghala, lakini ghala lililotubia: anahesabu kama karani wa posho alivyohesabu, ila hesabu yake haiulizi tena mkonge utakatwa lini, inauliza ni watoto wangapi wamedumaa, chumvi ya dukani ina madini joto au haina, na bajeti ya halmashauri imetenga nini. Ukimwendea na cheti cha kisukari akakushauri, amekufanyia hisani. Kazi yake hasa ni watu laki, na kipimo cha kufaulu kwake hakionekani kwa mtu mmoja. Mtaalamu wa lishe tiba, aliye katika hospitali kama ile ya Bombo juu ya bahari, yuko kinyume chake: watoto wa wilaya nzima hawamo mkononi mwake, ila yule aliyelala kitanda cha tatu, ambaye figo zake hazivumilii chumvi, huyo ni wake. Mwalimu wa sayansikimu na mhudumu wa afya wa kijiji wao wako jikoni, wakionyesha kwa mikono namna ya kuongeza karanga, dagaa na majani katika uji wa mtoto. Mchele ni mmoja, mapishi mbalimbali. Na aliyemkosoa mmoja wao kwa kutofanya kazi ya mwenziwe amemkosea.

Baina yao amesimama wa nne, mshauri wa lishe asiye na kitanda, jiko wala ghala, ila ana makopo ya kuuza. Simsemi kwa kuwa wote wa namna yake ni waongo, bali kwa kuwa jina lake halimfungi kwa yeyote. Kenya, hatua chache tu kupita Horohoro, iliona hatari hiyo, ikatunga mwaka 2007 sheria ya wenye fani za lishe na mlo, ikaanzisha taasisi ya kuwasajili. Uingereza nako jina la mtaalamu wa lishe tiba limelindwa kwa sheria, ilhali jina la mtaalamu wa lishe, likiondolewa tiba, yeyote aweza kujivika. Mwenye kuumwa basi asiulize kwanza mshauri huyu anajua nini, maana maarifa ya kusikika ni mengi. Na aulize, akinikosea, atajibu mbele ya nani? Afisa hujibu mbele ya halmashauri, mtaalamu wa hospitali mbele ya daktari na faili, na hata kungwi wa zamani alijibu mbele ya mtaa mzima, ambao ulimwona mzazi wake akitoka arobaini akiwa mzima au akiwa amebebwa.

Kiswahili chenyewe kilitutangulia katika jambo hili. Mlo ni kile mtu anachokula, na mtu aweza kula peke yake; lakini lishe imetoka katika kulisha, na kulisha hakuwezekani bila ya watu wawili, mwenye kulishwa na mwenye kulisha. Mtu akisema yeye ni wa lishe, amekiri kwa kinywa chake kwamba kuna mwingine aliyemfungulia kinywa kwa imani, na imani hiyo ni amana iliyo shingoni mwake. Mgonjwa bado haulizwi uji. Aliyeushika mwiko ndiye atakayeulizwa.